Sumaku ya Friji

Nimekuja na sumaku, ile ya mlango wa friji,
yenye umbo la stroberi lililomeguka jani.
Taisto ananitazama nikiipitisha ubavuni mwa gari lake
kama muuguzi atafutaye mshipa.
Juu ya gurudumu la nyuma stroberi inateleza,
inaanguka thelujini.
Chini ya rangi hapo hakuna chuma. Kuna puti.
"Kulungu," anasema. "Mwaka juzi. Yeye alipona."

Kajaani, Februari, nyuzi tisa chini ya sifuri.
Huku gari halifi kwa uzee, huliwa na chumvi
wanayoimwaga barabarani ili sisi tusiteleze.
Basi nalala chali juu ya gunia, tochi mdomoni,
nalisoma tumbo: chesisi, mabomba, bolti.
Kutu ya juujuu, ya kusugua na kusahau,
na nyingine ya ndani, jirani na shokapu ya kushoto,
niigongapo kwa bisibisi
hunijibu kwa sauti ya biskuti.
Naandika: biskuti. Kichwani nakata mia tatu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Kikuukuu hakina kinyemi, kina maswali.

Nilimwomba kwa simu asiliwashe kabla sijafika;
injini iliyokwisha kupashwa ina adabu za mgeni wa siku ya kwanza.
Nagusa boneti. Baridi ya jiwe. Mtu wa neno lake.
Naliwasha: linakohoa, linakohoa tena, linashika.
Moshi mweupe, si wa buluu,
na kabla sijahesabu mia moja umekwisha.

Kilomita laki mbili na kumi na nne elfu.
Hizo sizihofu. Nahofia zaidi lile lililotembea elfu thelathini tu,
kanisani na kurudi, kanisani na kurudi,
hata oili haikuwahi kupata joto.

Buti nalipima kwa mizigo yangu mwenyewe:
kigari cha mtoto, kreti ya mbwa,
begi la hoki la Oiva linalonuka kama soksi ya zimwi.
Vyote vimeingia. Sledi imekubali kulala mshazari.

Kisha mtihani wenyewe: mama mkwe.
Kerttu, miaka themanini na mmoja, nyonga ya titani.
Katika gari letu la sasa hushuka kama ndoo kisimani
na kumtoa ni kazi ya watu wawili.
Hapa anageuka, anarudi kinyumenyume,
siti inampokea kwa kimo cha kiti cha jikoni.
Mguu. Mguu wa pili. Mlango anaufunga mwenyewe:
dup.
Mlango mzima husema dup.

Tunazunguka ziwa. Breki zinauma sawasawa.
Usukani unavuta kulia, kidogo, kama mtoto dukani.
Hita dakika sita; nimepima kwa saa.
Tukifika mwendo wa sitini, mlio: kijiko ndani ya glasi.
"Nimeutafuta miaka minne," anasema Taisto,
"nimefungua hadi dari. Marketta aliuita Jorma."
Kwenye siti ya abiria alikuwa ameondoa mto wa kufuma
ili akae, na sasa ameupakata.
Simuulizi.

Anataka elfu sita na mia nne.
Nataja biskuti. Nataja puti. Jorma simtaji.
Anaitazama theluji. Nami naitazama.
Huku kimya nacho ni fedha; anayekivunja ndiye alipaye,
na mimi nimejifunza kukibana.

Dirisha la nyuma linashuka (laini, natia alama):
"Mnangoja nini? Siti hii inapasha moto makalio!"

Taisto hakuwa ameitaja hiyo.
Karibu acheke.
Elfu sita na mia mbili, na matairi ya kiangazi juu yake.

Anainama, anaiokota stroberi, anaifuta kwa glavu,
anaibandika kwenye mlango wa dereva.
Inashika.